Kopo la Rangi, Gunia la Mkaa

Kopo la mama lilikuwa la rangi, la lita nne, lenye mpini wa waya. Lilikaa juu ya gunia mbele ya nyumba tuliyopanga Tandika, Dar es Salaam, na kuanzia saa kumi na moja jioni watoto wa mtaa walianza kuja na vifuko mikononi. "Shikamoo mama. Mama kasema kopo moja." "Mama kasema nusu, hela nyingine kesho." Mama alijaza kopo mpaka likafanya kilima, akalitikisa ili mkaa ukae, akaongeza vipande viwili vitatu, akamimina. Hakupunja. Muuza mkaa anayepunja anajulikana kabla maharage hayajaiva, na kesho yake wateja wamehamia mtaa wa pili.

Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kopo lile. Sare pia, na daftari, na nauli ya daladala. Weusi wa mkaa ulikuwa umeingia kwenye mistari ya viganja vya mama hata siku za Idi. Alipaka hina, na hina ikashika juu ya weusi. Leo nafanya kazi inayonikutanisha na wataalamu wa mazingira, na ni nadra mkutano kwisha bila mtu kusimama na kusema mkaa ni adui wa taifa. Ninaelewa anachosema, na kwa sehemu kubwa nakubaliana naye, maana nimeona kwa macho yangu misitu ilivyoliwa. Ila natamani siku moja aanze na swali ambalo mama huanza nalo kila jioni: mteja amekuja na shilingi ngapi mkononi?

Kwenye hesabu za dunia, Mtanzania karibu haonekani. Ukichukua hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe ukaigawa kwa idadi ya watu, Mtanzania mmoja anaangukiwa na kama robo ya tani kwa mwaka, ilhali Mmarekani anazidi tani 13. Mtu akitoka huko kuja kutuhubiria kwamba tupunguze mwendo ili dunia ipoe, huwa nakasirika kama mtu mwingine yeyote. Lakini hesabu hiyo ina tundu, kwa sababu haihesabu miti. Sehemu kubwa ya gesijoto ya nchi yetu hutokana na ardhi: misitu inayokatwa, mashamba mapya yanayofyekwa, moto unaowashwa kila kiangazi. Serikali yenyewe hutaja upotevu wa zaidi ya hekta 460,000 za misitu kwa mwaka. Kilimo ndicho kinachoongoza, na mkaa uko bega kwa bega nacho. Mara nyingi ndio unaofungua njia: miti inachomwa mkaa mwaka huu, mwakani pale pale panapandwa ufuta.

Niliwahi kwenda kuona mkaa wa mama unakotoka. Nilipanda Fuso la mjomba, ndugu yake mama, mpaka Kilosa, na kutoka barabara kuu tukaingia porini kwa bodaboda. Mchoma mkaa aliyetupokea alikuwa na tanuri mbili. Moja ilikuwa bado inapangwa: magogo ya mtundu na mgurure yamelazwa kwa safu, mapengo yamezibwa kwa matawi, juu yatawekwa majani, kisha udongo. Ya pili ilikuwa inawaka siku ya sita. Alituonyesha namna ya kusoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, ni maji yanatoka kwenye mti, usiguse. Ukianza kuwa mwembamba wenye rangi ya buluu, mkaa umekaribia, na hapo ndipo mtu halali, kwa sababu udongo ukipasuka na hewa ikaingia, asubuhi utakuta majivu. Usiku kucha anazunguka na koleo akiziba nyufa.

Nikamuuliza anapata magunia mangapi. Alijibu bila kuficha kwamba inategemea na Mungu na udongo. Kitaalamu, tanuri ya aina ile hula kilo tano mpaka kumi za mti kwa kila kilo moja ya mkaa. Kinachobaki kimepanda angani, na pamoja na hewa ukaa kimepanda methani, ambayo hupasha joto dunia kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo mteja wa mama anaponunua kopo moja, lenye kama kilo moja, nyuma yake kuna mzigo wa kuni ambao mtoto aliyetumwa dukani asingeweza kuubeba.

Lakini huko huko Kilosa nilionyeshwa jambo ambalo limekataa kunitoka. Tangu mwaka 2012, shirika la kuhifadhi misitu la TFCG na mtandao wa jamii wa MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, walishirikiana na vijiji vya wilaya hiyo kuvuna mkaa kwa mpango. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake, kinaigawa vipande vya mita 50 kwa 50 mfano wa ubao wa drafti, na kinavuna kimoja na kuruka kingine. Kilichovunwa kinaachwa miaka 24. Miti ya mbao haikatwi, kingo za mito haziguswi. Visiki vinaachwa na urefu wa kutosha kuchipua, na miti ya miombo ina tabia hiyo nzuri: ukiikata vizuri na usipoichoma wala kulima juu yake, inarudi yenyewe. Nilisimama kwenye kipande kilichovunwa miaka kadhaa nyuma, machipukizi yalikuwa yamenipita kimo. Ushuru ulibaki kijijini, na kwenye vijiji kadhaa umejenga madarasa na kulipia matibabu.

Nilirudi mjini nikijiuliza kwa nini mpango kama huo haukuenea nchi nzima. Jibu moja naliona kwenye bei. Mkaa uliovunwa kwa utaratibu umelipiwa kibali, ushuru, na kazi ya kamati ya maliasili ya kijiji. Mkaa unaoingia usiku kwa pikipiki kutoka msitu usio na mwenyewe haujalipia chochote, na unauzwa soko lile lile, kwenye gunia lile lile la lumbesa. Mama hawezi kuutofautisha. Yeye anaona weusi, ugumu na mlio: mkaa mzuri ukigonganisha unalia kama kigae.

Watu husema wananchi wanashikilia mkaa kwa mazoea. Nakataa kabisa, kwa sababu nilikuwepo. Nilipokuwa mdogo, nyumba nyingi za Tandika zilipikia jiko la mchina, lile la tambi na mafuta ya taa. Mkaa ulikuwa wa maharage na makande, vitu vya kukaa motoni muda mrefu. Kisha mafuta ya taa yakapanda bei, na kopo la mama likapata kazi. Benki ya Dunia iliandika mwaka 2009 kwamba kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa zilitoka asilimia 47 hadi 71. Mwaka 2011 Serikali ikapandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana wafanyabiashara walikuwa wanayachanganya na dizeli. Sababu ilikuwa ya haki, injini za magari zilikuwa zinakufa. Ila kwenye mtaa wetu matokeo yake yalikuwa kwamba majiko ya mchina yalipanda juu ya makabati, na mama akaanza kuagiza magunia sita badala ya manne. Uamuzi kuhusu dizeli ulikata miti Kilosa, na sidhani kama kuna aliyekaa mezani siku hiyo akaliona.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2006, mkaa ulipigwa marufuku ghafla. Nakumbuka mama alifunga biashara mchana na kuuza usiku mlango wa nyuma, kwa bei iliyopanda, kwa watu wale wale. Marufuku haikudumu. Msitu haukupona kwa hilo, na watu walikuwa wamekula chakula ghali zaidi.

Sasa nije kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo napoona mikutano mingi inapita juu juu. Kopo la mama leo ni shilingi 1,500. Familia ya watu watano inayopika chai, mchana na usiku inamaliza kama kopo moja kwa siku, yaani shilingi 45,000 kwa mwezi. Mtungi mdogo wa gesi, wa kilo sita, kwetu unajazwa kwa kama 24,000, na nyumbani kwangu unakaa wiki tatu. Hiyo ni kama shilingi 1,150 kwa siku. Gesi ni rahisi kuliko mkaa! Jirani zetu wanalijua hilo vizuri, hawahitaji semina. Shida ni kwamba fundi viatu anayerudi na shilingi 8,000 jioni, akishatoa unga, mboga na nauli ya kesho, anabaki na 1,500 ya kopo. Hajawahi kuwa na 24,000 zilizokaa pamoja bila ugonjwa au kodi ya nyumba kuzidaka. Mkaa unamkubali alivyo. Unauzwa kwa kopo, kwa nusu kopo, hata kwa fungu la mia tano, na unakopeshwa.

Ninaposoma kuhusu nchi nyingine nakuta habari ile ile. India ilianzisha mpango wa Ujjwala mwaka 2016, na ndani ya kama miaka mitatu wanawake milioni 80 wa familia maskini walikuwa wameunganishwa na gesi. Ni kazi kubwa isiyo na mfano. Lakini wengi walirudi kwenye kuni mtungi wa kwanza ulipokwisha, kwa sababu kilichofadhiliwa zaidi kilikuwa kuingia, na kujaza mtungi kukabaki mzigo wao.

Kwetu sasa kuna juhudi za kweli, na ninaziheshimu. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Siku chache baadaye alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuacha kuni na mkaa. Mitungi imegawiwa kwa ruzuku vijijini. Ninachoomba ni kwamba wanaoandika ripoti za mpango huu wasihesabu mitungi iliyogawiwa pekee. Wahesabu mitungi iliyojazwa mara ya nne. Nimeona mtungi uliofadhiliwa ukitumika kama kigoda jikoni kwa ndugu yangu mmoja, na pembeni yake jiko la udongo linafuka.

Kuna walio Ulaya wanaosema Afrika isipewe fedha kwa ajili ya gesi hata ya kupikia, kwa kuwa ni nishati ya kisukuku, ya kuchimbwa ardhini kama mafuta na makaa ya mawe. Hapo siwezi kukaa kimya. Moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba unatajwa kuua Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka. Mama ana kikohozi ambacho daktari amekiita kwa jina refu. Kupika kwa gesi badala ya mkaa wa tanuri kunapunguza madhara kwa dunia na kwa mapafu, na kiasi cha gesi kinachohitajika majikoni mwetu ni kidogo mno ukikilinganisha na kinachochomwa huko kupasha nyumba joto. Kuchimba gesi ya baharini ili kuiuza nje kwa miaka 30 ni mjadala mwingine, na kwenye huo nina wasiwasi kama wao. Wasiuchanganye na sufuria ya mama. Uchungu wangu ni kwamba gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo inatumika Dar es Salaam tangu 2004, bomba la Mtwara limekamilika tangu 2015, na bado nyumba zilizounganishwa moja kwa moja kupikia ni chache mno. Imekwenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Wanaoifurahia zaidi mtaani ni madereva wa bajaji waliobadili mfumo, na hao wanapanga foleni kweli kweli kuijaza.

Umeme ndiko moyo wangu uliko. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Sikulifurahia lilivyoanza, kwa sababu limejengwa ndani ya pori la Selous, urithi wa dunia tangu 1982, na miti mingi ilikatwa kulipisha maji. Lakini limejengwa. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na ndani ya miezi miwili tukasikia vituo vingine vinazimwa kwa sababu umeme umezidi matumizi. Umeme wa maji umezidi, na jiji lile lile linachoma miombo kupika maharage! Nililisoma hilo mara mbili nikidhani nimekosea.

Ndipo nikamnunulia mama presha kuka ya umeme. Aliitazama wiki nzima bila kuigusa. Kwake umeme wa kupikia ni koili nyekundu inayokula LUKU, umeme wa kulipia kabla, kama moto unavyokula karatasi. Siku aliyokubali, nilimwambia asome mita kabla na baada. Zilikuwa zimebaki uniti 23.6. Akaweka nusu kilo ya maharage, akafunga, akaenda kuuza. Aliporudi mita ilisoma 23.2, na maharage yalikuwa yamelainika mpaka yanapondeka kwa ulimi. Uniti moja kwa mteja wa kawaida inakaribia shilingi 360. Mama alisimama mbele ya mita akipiga hesabu kwa vidole, akarudia, kisha akaniangalia kama niliyemficha siri kwa miaka mingi. Maharage kwa shilingi 150. Kwa mkaa yangemla zaidi ya nusu kopo.

Alipowasimulia majirani, jibu lilikuwa la haraka. "Mwenye nyumba hataki." Nyumba nyingi za kupanga Tandika, Mbagala, Manzese, vyumba sita au nane vinatumia mita moja. Watu wanachanga kwa kichwa au kwa taa, na mwenye kuwasha pasi huleta ugomvi, sembuse jiko. Masharti ya kupanga yanataja wazi: jiko la umeme marufuku. Kwa hiyo mpangaji yuko chini ya nguzo, umeme uko ukutani kwake, na anapika kwa mkaa kibarazani. Sijawahi kuona mada hii ikipewa hata ukurasa mmoja kwenye ripoti ninazoletewa. Mita ndogo ya kila chumba ingeokoa miti mingi kuliko kampeni yoyote ya mabango, naamini hivyo kabisa.

Kuhusu biashara ya kaboni, ambako wachafuzi huwalipa wengine wanaopunguza hewa ukaa, nitasema kidogo. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wamekuwa wakilipwa kwa kuulinda msitu wao, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimepata fedha nyingi kwa njia hiyo. Nafurahi nao. Upande wa majiko yanayogawiwa kwa malipo ya aina hiyo napata shaka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa Januari 2024 ulikuta kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilidai kuokoa hewa ukaa mara tisa zaidi ya uhalisia. Jiko likigawiwa na lisitumike, kuna kampuni mahali fulani duniani inaendelea kuchafua ikisema imelipa, na aliyetajwa kwenye karatasi kama muokoaji ni mwanamke ambaye bado anapuliza makaa.

Mwezi uliopita nilimsomea mama lengo la asilimia 80. Alikuwa anachekecha chenga, ule unga unaobaki chini ya gunia, ambao siku hizi anauza kwa vijana wanaotengeneza mkaa mbadala. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mimi mwanangu nitauza nini?" Aliuliza kwa upole, bila kulalamika. Nyuma ya swali lake niliwaona mchoma mkaa wa Kilosa na koleo lake, mjomba na Fuso lake, wapakiaji, mafundi wa majiko ya bati, na wauza mkaa wa rejareja wa jiji zima, wengi wao wanawake wa umri wake. Mkakati unataja jiko. Hawa hawajui wamewekwa ukurasa gani.

Nilimweleza kuhusu gesi ya mita. Kuna kampuni iliyoanzia hapa hapa Dar es Salaam, KopaGas, iliyofunga mita kwenye mtungi ili mteja alipie kwa simu kadiri anavyopika, hata shilingi 1,000. Mwaka 2020 teknolojia yake ilinunuliwa na Circle Gas ya Uingereza. Mama alielewa kabla sijamaliza.

"Kumbe ni kopo," akasema.

"Ndiyo mama, ni kopo."

Akaniuliza kama wanachukua mawakala, kama mtaji wake wa magunia matatu unatosha, kama mtungi unaweza kukaa pale pale kibarazani ambako wateja wamemzoea, na kama ataruhusiwa kuwakopesha wale anaowafahamu. Ameniagiza nikaulize yote manne, na la mwisho amelisisitiza. Kesho naenda.